Kipande cha Moyo wa Kuku

Tarehe 17 Januari 1912, katika maabara ya Taasisi ya Rockefeller jijini New York, daktari mpasuaji Mfaransa aitwaye Alexis Carrel alikata kipande kidogo cha moyo wa kifaranga aliyekuwa bado ndani ya yai, akakiweka katika chombo cha kioo chenye majimaji ya damu, akaanza kukilisha. Mdundo ulikoma, lakini seli zilizochipuka pembeni mwa kipande hicho ziliendelea kuzaana. Kila baada ya siku chache zilioshwa, zikagawanywa, na sehemu yake ikahamishiwa kwenye chombo kipya chenye lishe mpya. Mwaka ukaisha, ukaja wa pili na wa kumi. Msaidizi wake, Albert Ebeling, akakabidhiwa ulezi wa seli hizo, akazilea hadi 1946, miaka miwili baada ya Carrel mwenyewe kufariki mjini Paris. Kwa hesabu ya vitabu, seli hizo ziliishi miaka 34, umri ambao hakuna kuku wa uani aliyewahi kuukaribia. Kila Januari gazeti moja la New York lilipiga simu kuulizia hali ya mzee huyo wa chupani, kana kwamba lilikuwa likimtakia heri ya siku ya kuzaliwa. Wasomaji wengi waliamini kwamba kuna moyo mzima unaodunda mle ndani. Haukuwepo. Palikuwa na utando mwembamba wa seli za kawaida za tishu unganishi, na hizo hazidundi kamwe.

Leo mtu anaweza kuyaona hayo kuwa kioja tu cha zamani, lakini swali lililokuwa nyuma yake ni zito: uzee unakaa wapi? Mwaka 1881 mwanabiolojia Mjerumani August Weismann alikuwa amesema katika mhadhara kwamba mwili huchakaa kwa sababu uwezo wa seli zake kugawanyika una kikomo, na kwamba seli za uzazi pekee ndizo zinazoupisha uhai kutoka kizazi hadi kizazi. Weismann alikuwa na mantiki nzuri bila jaribio. Carrel alikuja na kitu ambacho mantiki peke yake haikiwezi: seli hai, zinazoonekana kwa hadubini, mwaka hadi mwaka. Kama seli ikitolewa mwilini haifi, basi uzee haumo ndani yake. Umo katika mwili unaoizunguka, pengine katika damu iliyojaa uchafu wa miaka mingi. Na kilichochafuka husafishika. Hapo ndipo matumaini yalipojificha, na ndiyo maana nadharia hii ilipendwa hata na watu ambao hawangejali kabisa habari za tishu unganishi za kuku.

Carrel hakuwa mtu wa kutiliwa shaka kirahisi. Mwaka huohuo wa 1912 alitunukiwa Nobel kwa ufundi wake wa kuunganisha mishipa ya damu kwa sindano na uzi, ufundi ambao bila huo upandikizaji wa figo tunaoujua leo usingewezekana. Maabara yake iliendeshwa kama nyumba ya ibada: mafundi walivaa majoho meusi na vifuniko vya kichwa, na kila hatua ilikuwa na kanuni yake kali. Wageni waliondoka wakiwa wameshiba heshima. Walipofika makwao wakajaribu wenyewe, seli zao zilistawi kwa miezi kadhaa, zikapunguza kasi, zikajaa vijichembe vya ajabu, zikafa. Wakajaribu tena, na tena zikafa. Kila mmoja alijua sababu, au alidhani anaijua. Lishe haikuwa sahihi. Bakteria wameingia. Vyombo havikuoshwa vema. Wakaandika kosa kwenye daftari, wakamwaga vilivyomo, wakaanza upya.

Kumwaga huko ndicho kiini cha hoja yangu. Historia ya utafiti wa uzee kwa kawaida husimuliwa kama safari ya kutafuta ushahidi uliofichika, hadi akatokea mwerevu mmoja akaufumbua. Haikuwa hivyo. Kwa karibu miaka 50 ushahidi kwamba seli za kawaida huzeeka ulikuwa ukitokea katika maabara nyingi za Ulaya na Marekani, wiki baada ya wiki, mbele ya macho ya watu waliosoma. Haukukosa wa kuuona, ila uliitwa uzembe. Ushahidi ukishapewa jina la uzembe hauchapishwi wala hauhesabiwi, kwa sababu hakuna mtafiti anayetangaza kwamba ameshindwa kuosha chupa.

Mwaka 1951 jambo jingine liliiongezea nguvu imani ya Carrel kwamba seli hazizeeki. Katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, seli zilizochukuliwa kwenye uvimbe wa saratani wa Henrietta Lacks, bila yeye kujua, zilianza kuzaana chupani na hazijaacha mpaka leo. Waliokuwa na imani ya Carrel walizipokea kama shahidi wa pili, na wachache waliuliza kama seli ya saratani inaweza kumtolea ushahidi jirani yake mzima. Yaani kitu pekee kilichokuwa hakifi kweli kilikuwa ugonjwa, na ugonjwa huo ukachukuliwa kuwa kielelezo cha afya.

Leonard Hayflick, kijana wa Philadelphia aliyezaliwa 1928, hakuwa akitafuta uzee alipoupata. Katika Taasisi ya Wistar mjini humo alitaka kujua kama virusi husababisha saratani kwa binadamu, na kwa kazi hiyo alihitaji seli zisizo na dosari, akazitoa kwenye mapafu ya vijusi. Zilistawi sana. Kisha za zamani zaidi zikaanza kulegea. Mtu mwingine angeandika kosa na kumwaga. Hayflick alikuwa na rafu moja yenye chupa za umri mbalimbali, na kilichomzuia kumwaga ni jambo la kawaida kabisa: chupa changa, zilizolishwa kwa lishe ya kopo lilelile na mkono uleule, asubuhi ileile, zilikuwa zikichanua. Kama lishe ingekuwa mbovu, zingekufa zote. Akarudi kwenye daftari na kuhesabu. Kila ukoo wa seli ulisimama baada ya kugawanyika mara 50 hivi, ukizidi au kupungua mara 10. Mara 50 si haba: seli moja ikigawanyika mara 10 inazaa zaidi ya 1,000, na ikifika mara 50 hesabu inapita trilioni 1,000. Basi si ajabu kwamba mtu asiyehesabu angezidhani hazina mwisho.

Akashirikiana na Paul Moorhead, mtaalamu wa kromosomu, wakapanga jaribio ambalo kwa maoni yangu ni mojawapo ya mazuri kuliko yote katika biolojia ya karne ile, kwa sababu halikuhitaji chombo chochote cha ajabu. Walichukua seli za kiume zilizokwisha gawanyika mara 40 hivi, wakazichanganya chupa moja na seli za kike zilizogawanyika mara 10 tu. Kando yake waliweka chupa ya seli za kiume peke yake. Chupa hiyo ya kiume iliposimama, walifungua ile ya mchanganyiko wakatazama kromosomu. Waliobaki ni wa kike watupu. Kizee na kijana walikula sahani moja, wakalala nyumba moja, kizee akafa na kijana akaendelea. Kama kungekuwa na virusi, sumu au mkono mchafu, ungewapata wote wawili. Zaidi ya hapo, seli zilizogandishwa katika nitrojeni kimiminika na kuyeyushwa baadaye ziliendelea na hesabu zilipoishia, bila kuanza upya. Ndani ya seli kulikuwa na kitu kinachokumbuka.

Waliipeleka makala katika jarida lilelile ambalo Carrel alichapisha humo habari zake mwaka 1912. Mhariri alikuwa Peyton Rous, wa Taasisi ya Rockefeller, naye akaikataa akieleza kwamba jambo kubwa lililothibitishwa na miaka 50 ya kuotesha tishu ni kwamba seli zenye uwezo wa kuzaana zitazaana bila kikomo zikipata mazingira yanayofaa. Huyo Rous ndiye aliyegundua mwaka 1911 kwamba virusi vinaweza kusababisha saratani kwa kuku, akapuuzwa kwa miongo mingi, na Nobel yake ikamfikia mwaka 1966 akiwa mzee wa miaka 87. Nadhani hakuna mfano bora wa kuonyesha kwamba kuteswa na imani ya wengi hakumfundishi mtu kuitambua anapoibeba mwenyewe. Makala ilichapishwa mwaka 1961 kwingineko, katika jarida la Experimental Cell Research. Kwa wakongwe wa fani walioendelea kubisha, Hayflick alikuwa amewapelekea chupa za seli zinazostawi, akawatajia lini zitakufa. Simu zikaanza kulia kwa wakati aliousema.

Ni nini basi kilichotokea New York kwa miaka 34? Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba lishe ya Carrel ilikuwa na juisi iliyokamuliwa kutoka kwenye viinitete vya kuku, na juisi isipochujwa vizuri inabeba seli hai changa. Kila mlo ulikuwa pia uzazi. Mwanahistoria wa sayansi J. A. Witkowski alipoyachunguza mambo hayo mwaka 1980, alieleza pia simulizi ya mgeni aliyeitembelea maabara hiyo mwaka 1930 na kunong'onezwa na fundi kwamba seli mpya ziliongezwa kwa makusudi, kwa kuwa bwana mkubwa angekasirika sana kama ukoo ungepotea. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa huenda mgema hakujua, na maji yalitiwa na wapishi wake waliomwogopa.

Anayemtetea Carrel atasema huo ni umbea wa maabara, na kwamba hakuna aliyeuthibitisha udanganyifu. Ni kweli, wala hoja yangu haihitaji kumwita mwongo. Inatosha kwamba walioziotesha seli za kawaida za kuku kwa uangalifu waliona zikigawanyika kati ya mara 15 na 35 hivi, pungufu hata ya zile za binadamu, na kwamba hakuna aliyeweza kurudia alichodai. Mtetezi huyo ataongeza kwamba Carrel alifanya fani nzima ya kuotesha tishu ijulikane na kuheshimiwa. Hilo nalikubali nusu. Aliifanya ijulikane, lakini pia aliizungushia ugumu na miiko kiasi kwamba aliyeshindwa hakuthubutu kuhoji kanuni, alijihoji mwenyewe. Kosa lake kubwa halikuwa kuamini jambo lisilo kweli, maana kila mtafiti ana lake. Alijenga jaribio ambalo likifanikiwa sifa ni yake, na likifeli lawama ni ya mwingine. Jaribio la namna hiyo haliwezi kushindwa, kwa hiyo halijaribu kitu.

Kilichobaki kilikuwa kukipata kile kitu kinachokumbuka ndani ya seli. Mwaka 1971 mwanasayansi Mrusi Alexey Olovnikov, aliyekuwa amesikia mhadhara juu ya kikomo cha Hayflick mjini Moscow, alichapisha wazo lililomjia katika kituo cha treni ya chini ya ardhi, kwamba mashine inayonakili DNA ni kama treni inayotandika reli: haiwezi kutandika pale ilipokaa yenyewe. Kila nakala ingekuwa fupi kidogo kuliko mama yake, na ncha za kromosomu, yaani telomea, zingekuwa akiba inayoliwa polepole. Ilikuwa dhana tupu. Elizabeth Blackburn, mzaliwa wa Tasmania, na Joseph Gall ndio walioonyesha mwaka 1978, kwa kiumbe cha seli moja kinachoishi kwenye madimbwi, kwamba ncha hizo ni maneno yaleyale machache ya DNA yanayorudiwarudiwa. Siku ya Krismasi ya 1984, mwanafunzi wa Blackburn, Carol Greider, aliona kwa mara ya kwanza dalili za kimeng'enya kinachozirefusha, telomerasi. Mwaka 1990 ilionyeshwa kwamba telomea za seli za binadamu hufupika kadiri zinavyogawanyika chupani, na mwaka 1998 seli zilizopewa telomerasi zikapita kikomo chao zikiwa bado na sura ya ujana. Blackburn, Greider na Jack Szostak walipata Nobel mwaka 2009. Weismann, aliyekuwa amekufa tangu 1914, alikuwa karibu sahihi.

Karibu tu, na hapa ndipo pingamizi lenye uzito linapoingia. Binadamu hafi kwa sababu seli zake zimemaliza hesabu. Seli za ngozi za mzee wa miaka 90 zikioteshwa bado huwa na migawanyiko mingi mbele yake, na mwaka 1998 uchunguzi wa watu wazima wenye afya haukuona kwamba umri wa mtu unatabiri umri wa seli zake chupani. Panya wa maabara ana telomea ndefu kuliko zetu, na miaka mitatu kwake ni uzee mkuu. Tena mwaka 2003 kundi lililomhusisha Judith Campisi lilionyesha kwamba seli za panya husimama mapema kwa sababu hewa ya maabara ina oksijeni nyingi kuliko iliyomo mwilini. Zikipewa kiwango cha chini zinaendelea. Kwa seli za panya, basi, wale waliojilaumu kwa utunzaji mbaya walikuwa na sababu. Sioni haya kukiri hilo. Linaupa msimamo wangu mipaka yake: si kila kinachoitwa kosa la mtunzaji ni siri ya maumbile. Lakini oksijeni nayo iligunduliwa na watu waliochukulia kifo cha seli kuwa jambo la kupimwa, wakabadilisha kitu kimoja na kuacha vingine vilevile. Waliomwaga hawakuijua.

Kikomo cha Hayflick kilipunguzwa cheo, kikaacha kuwa saa ya kifo, na hapo ndipo kilipoanza kuwa na faida isiyotarajiwa. Seli iliyofika kikomo haifi mara moja. Hukaa, hupanuka, hukataa kugawanyika. Kwa miaka mingi hata waliokubaliana na Hayflick waliziona seli hizo vikongwe kama makapi. Miaka ya 2000 Campisi na wenzake walizichunguza wakakuta makapi hayo yanatema kemikali zinazochochea uvimbe na kuharibu tishu jirani. Mwaka 2011, katika Kliniki ya Mayo, kundi la Jan van Deursen liliwatengeneza panya ambao seli zao vikongwe zingeweza kuuawa kwa dawa, nao wakachelewa kupata mtoto wa jicho na kudhoofika kwa misuli. Mwaka 2016 walionyesha kwamba hata panya waliozeeka kawaida waliishi muda mrefu zaidi wakiondolewa seli hizo. Kusimama kwa seli hutukinga na saratani tukiwa vijana, na hutulipisha tukiwa wazee.

Kutoka panya hadi mtu ni mbali. Mwaka 2020 dawa iitwayo UBX0101, iliyokusudiwa kuua seli vikongwe ndani ya magoti yaliyosagika, haikuwapa wagonjwa nafuu kuliko sindano isiyo na dawa. Waliochoka na ahadi za dawa za uzee huutaja mfano huo kama uthibitisho kwamba Carrel amerudi kwa joho jeupe. Mimi nausoma kinyume. Jaribio liliwekewa kipimo kabla halijaanza, likafeli kipimo hicho, na kampuni iliyoitengeneza dawa hiyo ikatangaza. Hakuna aliyesema wagonjwa hawakukunja goti vizuri.

Mvutano wa namna hiyohiyo unaendelea juu ya mnyama wa kwetu. Fuko asiye na manyoya, anayechimba mashimo katika nchi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia, ana uzito wa panya lakini huweza kuishi zaidi ya miaka 30. Rochelle Buffenstein alitunza kwa miongo kadhaa makundi yaliyotokana na fuko walionaswa Kenya, akiandika kuzaliwa na kufa kwa kila mmoja. Mwaka 2018 kumbukumbu za fuko zaidi ya 3,000 zilichapishwa, zikionyesha kwamba uwezekano wa kufa hauongezeki kwa umri, tofauti na mamalia wengine waliopimwa. Wakosoaji walijibu kwamba waliofikia umri mkubwa kabisa ni wachache mno kuthibitisha dai hilo. Wameweza kujibu hivyo kwa sababu daftari liko wazi.

Seli za Carrel haziwezi tena kuulizwa lolote. Ebeling alizitupa mwaka 1946, na wakati huo hakuna aliyejua kutofautisha seli za ukoo wa zamani na za kiinitete kipya. Za Hayflick zipo. Mwaka 1962 alianzisha ukoo alioupa jina WI-38 kutoka kwenye mapafu ya kijusi kilichotolewa Sweden, na mama yake hakuombwa idhini, jambo ambalo sifa za kisayansi haziwezi kulifuta. Katika seli hizo, Stanley Plotkin aliviandaa virusi dhaifu vya rubela ambavyo leo vimo kwenye chanjo ya surua na rubela wanayochomwa watoto wa Tanzania tangu 2014. Hayflick alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 96. Baadhi ya vichupa alivyovigandisha bado vimo kwenye nitrojeni. Kikiyeyushwa kimoja, seli zake huamka, hunyooka kwenye kioo, hugawanyika kwa idadi iliyobaki tangu zilipolazwa mwaka 1962, kisha husimama.